Siku nilipomkung'uta samaki wa binti yangu ziwani Muhazi

Wakuu, salaam kwenu wote, wa chai na wa kahawa.

Hii ni kweli tupu. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mwaka 1992. Mimi fundi cherehani, Biryogo, Kigali. Binti yetu Zena alikuwa na miaka saba na mdomo wa miaka arobaini.

Sasa mama mkwe wangu, bibi yake Zena, alikuwa mtu wa ng'ombe. Wanyarwanda wengi wa zamani samaki walikuwa hawamgusi, na yeye akiona sufuria ya samaki alikuwa anahama chumba. Zena akamsumbua wiki nzima aonje samaki, mpaka bibi akachoka:

"Wewe, ukivua samaki yako mwenyewe, mimi nitakula."

Alisema hivyo akijua Biryogo haina ziwa.

Basi nyumbani hatukupumua. Jumapili moja ya kiangazi jirani yetu mwenye pikapu akakubali kutupeleka Muhazi. Vita vilikuwa kaskazini, njiani tukasimamishwa kwenye vizuizi mara mbili, lakini watu tulikuwa bado tunazitafuta Jumapili zetu.

Ndoano nilinunua. Uzi je? Fundi anunue uzi? Thubutu! Nilichukua ule mnene wa kushonea jinzi, nikausokota mara mbili, nikaufunga kwenye fimbo ya mwanzi. Jirani akanicheka, nikamwambia asubiri.

Tukakaa kwenye gati ya mbao, miguu inaning'inia. Saa nzima kimya. Minyoo inaliwa, samaki haonekani. Mke wangu kashaanza kugawa sambusa.

Ghafla fimbo ya Zena ikainama, akaniita:

"Papa! Iko inavuta! Iko inavuta!"

Nikataka kumsaidia, akanipiga kiwiko. Akavuta mwenyewe mpaka ngege mnene kama kiatu cha mtu mzima akatua kwenye mbao. Gati nzima ikapiga makofi.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kumtia kwenye ndoo.

Uzi ulikuwa umejifunga kwenye msumari wa gati. Wakuu, mimi nakata nyuzi kwa meno tangu nilipojifunza kazi. Nikamshika samaki kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, kwap, uzi ukakatika. Na fundi akishakata uzi wa mwisho anafanya nini? Anaikung'uta nguo ili mteja aione.

Nikamkung'uta.

Akaruka juu, chubwi! Kaenda na ndoano yetu.

"Papa Zena," mke wangu akasema taratibu, "ile haikuwa suruali."

Jirani alicheka mpaka akalala kwenye mbao. Zena hakucheka. Aliniangalia tu, machozi yamejaa, akauliza, "Sasa bibi atakula nini?" Niliona aibu ambayo sikuiona hata nilipoharibu suti ya bwana harusi.

Njiani wavuvi walikuwa wanauza. Tukasimama ninunue mmoja, Zena akakataa. "Hiyo si samaki yangu. Siwezi danganya bibi."

Nyumbani bibi akachungulia ndoo tupu, akasema "Imana ishimwe", Mungu asifiwe, kabla hatujavua viatu. Zena alininunia siku nne.

Hatukurudi tena Muhazi. Bibi hakuonja samaki kamwe. Yeye na jirani yule hatunao, walikufa mwaka ule wa tisini na nne. Nikikumbuka kicheko cha jirani pale gatini nacheka, halafu naumia.

Miaka ikapita, Zena akaolewa. Gauni nilishona mwenyewe. Asubuhi ya harusi, wanawake wamejaa chumbani, nimepiga magoti namalizia pindo, na uzi wa mwisho nishaupeleka mdomoni. Akanishika kidevu.

"Papa, mkasi iko hapa," akasema. "Na usinikung'ute."

Nikakata kwa mkasi. Machozi yalinitoka, na wale wanawake wakadhani ni ya harusi tu.

Wahenga walisema mazoea yana tabu, na mimi nimeyalipia kwa ngege. Kabla hujamsaidia mtoto wako, iulize kwanza mikono yako inadhani iko wapi.

Haya, mafundi, madereva, walimu: kazi yako ilikuumbua wapi mbele ya mwanao? Shukeni hapa chini. Anayetaka kunicheka naye karibu, foleni ni ndefu.