Ngozi ya Tumbo Kidoleni

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la aliyesimamisha kinu, lakini sitayataja. Wajukuu zao hupita hapa kwangu.

Nilikuwa mkamwana mpya, miaka ile pareto ilipoanza kupandwa kwetu. Mkanda wa kinu cha maji, kule mtoni, ulininasa mkono wa kulia, ukachuna vidole viwili mpaka mfupa kabla mtu hajakisimamisha kinu. Hospitalini daktari alipasua ngozi ya tumbo langu, akaiacha imeshikilia upande mmoja, akavishonea vidole humo. Nililala mkono umeganda tumboni mpaka ngozi ikashika vidoleni, ndipo akaikata. "Utashika jembe," mkalimani akaniambia. Kweli nilishika.

Nikarudi na furaha yangu. Nikasonga ugali wa wimbi jikoni kwa mama mkwe, nikaukanda vizuri kwa mkono ule. Akavitazama vidole.

"Ngozi hii laini imetoka wapi?"

"Tumboni, mama."

Akaweka kikapu chini. "Tumbo la mkamwana! Baba yako ale kilichoguswa na tumbo lako? Chinsoni hukufundishwa kwenu?"

Chinsoni ndiyo haya yetu: mwili wa mkamwana baba mkwe hauoni, hata kwa bahati mbaya.

"Ni kidole tu, mama."

Wifi yangu akacheka. "Hebu tuone kama kina kitovu!"

Ugali ule walipewa mbwa. Tangu siku hiyo sikupika tena kwa ajili ya mzee. Mume wangu alikuwa anakula changu, bila kunitetea. Nilipobeba mimba nikanenepa, vidole navyo vikanenepa, maana ngozi ile haikusahau kwao. Wifi akasema, "Kidole nacho kitazaa." Lakini wimbi niliyopalilia kwa vidole hivyo, hiyo waliila.

Mzee alipougua, siku moja nilibaki naye peke yangu bomani, amelazwa uani kwenye jua. Akaita maji. Nikachota kibuyu, nikasimama mbali, nimegeuza uso.

"Ni nani?"

"Ni mimi, baba."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Nitangoja binti yangu atoke mtoni."

Akangoja. Nami nikangoja na kibuyu changu, nikimsikia akimeza mate yasiyokuwapo.

Alipokufa, waombolezaji wakajaa boma. Mama mkwe akaniita mbele ya watu: "Mkamwana, njoo usonge ugali, watu ni wengi." Hakuna aliyeuliza habari ya ngozi. Nikasonga.