Mpishi wa shule aliyetangulia kutafuna dawa ya minyoo

Jua linachomoza, na jiko la shule ya msingi limeshajaa moshi. Bibi Mwiko, kama wanafunzi wanavyomwita, anakoroga sufuria kubwa ya maharage huku akimfukuza mwanafunzi anayechungulia mlangoni.

"Nenda darasani, mwanangu. Maharage hayaivi kwa kutazamwa!"

Mama huyu wa miaka hamsini na sita anamlea mjukuu wake wa darasa la pili. Mwaka juzi mtoto alikuwa hoi: tumbo limetuna, miguu kama njiti, darasani usingizi mtupu. Alikula akashiba, lakini mwili haukuonyesha.

"Majirani walinisema. Eti napakulia watoto wa watu, wangu namlaza njaa. Maneno hayo yaliniunguza kuliko jiko."

Zahanati ikatoa jibu: minyoo. Kila alichokula mtoto, alikuwa akigawana nao. Alipewa dawa, na muuguzi akaonya kwamba wenzake wengi huenda wanayo pia, kwa kuwa mayai ya minyoo huenea kupitia udongo uliochafuliwa na kinyesi.

Muuguzi alipopanga kugawa dawa shuleni, uvumi ulimtangulia: vidonge vinaua uzazi. Siku ilipowadia, wazazi walifurika langoni kuwachukua watoto wao. Mwalimu mkuu alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Wapi!

Bibi Mwiko akatoka jikoni na aproni yake, amemshika mjukuu mkono.

"Jamani, hawa nawalisha mimi kila siku. Ningetaka kuwadhuru, ningengoja kidonge?"

Mtu mmoja akacheka. Bibi akatafuna kidonge chake, mjukuu akatafuna chake.

"Bibi, kitamu!" mtoto akasema.

Fundi baiskeli mmoja, aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, akamsogeza mwanawe kwenye foleni. Wengine wakafuata.

Tangu hapo dawa hutolewa mara mbili kwa mwaka, na chakula cha shule kimeanza kuonekana mashavuni. "Wangu kila nikimnunulia viatu, mguu umeshavipita," Bibi analalamika, uso ukimeremeta.

Hata hivyo, anajua dawa peke yake haitoshi; vyoo vya shule bado havina maji. Wazazi wanachimba mtaro wa bomba, fundi baiskeli akiwasimamia.

"Maji yakifika tu, nahamishia kiti changu pale chooni," Bibi anasema. "Atakayetoka bila kunawa atanieleza anakimbilia wapi."