Bwaloni Hakuna Shikamoo

Nilipoanza kuwaandaa wanafunzi wangu wa Lushoto kwa mkutano wa kuigiza mabalozi wa nchi mbalimbali, kilichonikera kuliko vyote ni shikamoo. Kila aliyesimama kuisemea nchi yake alianza kwa kumwamkia mwenyekiti, macho chini, eti kwa sababu mwenyekiti yuko kidato cha sita. Nikapiga marufuku.

“Nchi haiiamkii nchi nyingine!” niliwafokea. “Humu bwaloni hakuna shikamoo. Mtazame mtu usoni, mpe mkono, mwite mheshimiwa.”

Siku moja, katikati ya mazoezi, aliingia baba wa msichana aliyekuwa balozi wa Ufaransa. Alikuwa mkulima wa kabichi kutoka Kwai, mtu wa rika la baba yangu, na alikuwa amemletea mwanawe sweta. Binti alinitazama mimi kwanza, kisha akamnyooshea baba yake mkono.

“Karibu, mheshimiwa.”

Bwalo zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa fahari, maana somo lilikuwa limeingia.

Mzee akapangusa kiganja kwenye koti lake, akaupokea ule mkono. Kisha akanigeukia. Nilikuwa bado natabasamu, sijamwamkia. Labda alidhani ndio utaratibu wetu, kwamba humu ndani wakubwa ni sisi. Akainama kidogo.

“Shikamoo, mwalimu.”

Nami, kwa mazoea ya kuamkiwa kutwa nzima, nikaitikia, “Marahaba.”

Hapo hakuna mwanafunzi aliyecheka.