Alisema hapana, miye nikazani ni mambo ya bunga

Admin, ficha jina yangu. Majina ya benzangu nimeshabadilisha. Niko kijana wa miaka kumi na nane, tunaikalaka Hewa Bora, hapa Lubumbashi. Mwaka huu nimepata diplome ya État, ile ya kumaliza sekondari. Ningepashwa kuwa na furaha, lakini tangu siku matokeo ilitoka, sipendi tena kujiangalia ku kioo.

Munajua vile inakuwaka ile siku. Ukipata, benzako banakufukuza mu avenue nzima na bunga ya mahindi na pudre, banakumwangia ku kichwa mupaka unakuwa mweupe pe. Kila muntu anakimbia na kupiga kelele: "Hapana, hapana, niache." Hakuna mwenye anakuacha. Njo furaha yenyewe.

Mu classe tulikuwa batatu benye tulipendana sana: miye, Ornella jirani yetu, mwenye iko na miaka kumi na nane kama miye, na Héritier wa kumi na tisa, mutoto wa mtaa ya Karavia. Héritier haiko rafiki ya juzi. Wakati mama yangu alilala ku hôpital mwezi muzima, yeye njo alikuwa anakuya kila mangaribi na sahani ya bukari na mboga kutoka kwabo. Nasema hii ili musifikiri nilikuwa natembea na shetani.

Siku ile Héritier akatuita kwabo. Bazazi yake balikuwa bameenda Kasumbalesa kutosha mizigo ku douane ya mupaka. Mama ya Ornella akakataa mutoto wake aende. Njo nikaenda miye mwenyewe kumulomba. Akaniangalia sana, kisha akasema: "Sawa, ni juu yako. Namuacha mu mikono yako, eh papa." Nikamujibia: "Mama, usiogope."

Kule tulikuwa bantu kama kumi. Tulicheza, tukamwangiana bunga. Kisha Héritier akamuambia Ornella aingie mu nyumba, atamupatia essuie-mains ya kujipangusa. Miye nilikuwa inje, karibu na dirisha, ninakunguta bunga mu nywele. Nikasikia sauti ya Ornella: "Hapana, niache. Héritier, hapana." Kisha akaita jina yangu, mara mbili. Mujue basi nilifanya nini. Nilicheka. Nilizani beko banamumwangia bunga tena. Nikasema kwa nguvu: "Muongezee." Nilisema ile neno na kinywa yangu hii, na yeye alikuwa mule ndani analazimishwa.

Nyuma, akatoka inje. Alisimama pa robinet ya maji akanawa mikono, akanawa, akanawa, mikono yenye ilikuwa imeshakuwa safi. Kisha akapita ku mulango ya avenue, akaenda peke yake. Nikamuuliza Héritier iko nini. Akatabasamu: "Ah, weye pia. Bamusichana banasemaka hapana juu ya heshima tu. Ulitaka aseme ndiyo kama malaya?" Bengine bakacheka, moya akamugonga ku bega.  Miye nikakamata soda. Nilibakia pale mupaka soda ikaisha.

Ornella akaambia shangazi yake, shangazi akaambia mama. Nilizani bataenda ku police. Kumbe bakubwa bakaita kikao. Baba ya Héritier akakuya na mbuzi mbili na bitambaa ya bikwembe ya kulomba radhi. Akasema batoto bamekosea, baowane tu, haya iishe. Mujomba ya Ornella akasema: "Tusikie kwanza muntu mwenye alikuwa pale." Bote bakanigeukia. Héritier alikuwa anaangalia viatu yake. Ornella alikuwa ananiangalia miye, mu macho. Nikasema: "Miye nilikuwa inje. Sikusikia kitu."

Basi. Bakachinja mbuzi moya pale pale, bakapika. Mama ya Ornella njo alinipatia sahani na mikono yake, ananiita papa kama siku zote. Na nilikula ile nyama, bayaya, bakubwa bangu. Nilikula nikamaliza.

Sasa samedi, jumamosi hii, banaenda ku ofisi ya commune kuandikisha ndoa, na familia zote mbili zimenichagua niwe témoin, shahidi wabo, juu niko rafiki ya bote. Héritier ameniandikia, analomba nivae cravate, tai ya rangi moya na yake. Anaandika na vicheko, sawa vile hakuna kitu ilipita. Nikiona jina yake ku téléphone nasikia uchafu mu mwili wangu. Ornella hataki kuniona. Nimepita kwabo mara mbili, akaingia mu chumba. Mudogo wake anasema anakula kidogo sana.

Mwenye anataka kuandika hapa chini eti alifuata nini ku nyumba ya kijana, afunge kinywa. Alienda juu yangu.

Nafikiria sana ile saa ya commune. Bourgmestre, mukubwa wa commune, atamuuliza kama anakubali. Mujomba iko nyuma yake, shangazi iko nyuma yake, mbuzi ilishakuliwa. Atasema ndiyo. Hapana yake hakuna mwenye aliiamini. Ndiyo yake tutaipigia makofi bote, na miye nitaweka signature chini.

Nikisema kweli, nimempoteza Héritier, na ule mama atajua kama nilisikia mutoto wake ananiita, nikacheka. Nikinyamaza, Ornella ataikala na ule muntu maisha yake yote. Bamama, bayaya, munielekeze mbele ya samedi: niende kwa mama yake leo, ao nisimame mbele ya bourgmestre nikatae? Na nitamuangalia ule mama namna gani?

Ornella anasomaka page hii. Hata bila jina, atajua ni miye. Basi ajue: nilimusikia.