Dawa ya Malaria Imeingia kwa Supu

Utafiti wangu umenywewa leo. Wote!

Jana nilitoa magome ya mti kule Namanga, tuyapime kwa maabara kama yanaua vijidudu vya malaria. Nikaacha mfuko jikoni hapa Kitengela.

Sasa mimi nimeolewa na Mmaasai, na kwao supu ya nyama huchemshwa na magome ya miti. Leo baba mkwe akakuja, mbuzi akachinjwa. Mzee kuona magome, akafurahi: "Kumbe huyu msichana wa Kiambu amejua supu!"

Akamwaga yote kwa sufuria.

Nilishtuka nikiwa kikombe cha pili. (Cha tatu nilikunywa nikijua. Ilikuwa tamu, mniwache.)

Mara profesa anayesimamia utafiti wangu huyo kwa simu: "Sampuli iko wapi?"

Wewe ungejibu nini?

Nimemwambia tumeruka majaribio ya panya, tuko kwa binadamu. Watu saba, na wote wanaomba dozi ingine.