Onyo Jekundu

Wagonjwa walimwita Bi Mkunjuzi, maana mikono yake ilikunjua viungo vilivyokakamaa: magoti, mabega, viwiko. Alizaliwa haoni. Alisomea kazi hiyo, akaajiriwa hospitalini, na miaka yote kompyuta yake ilimsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, kwa kasi ambayo wenzake waliifananisha na nzi ndani ya kopo.

Kisha hospitali ikaleta mfumo mpya wa mtandaoni. Mambo yalibadilika papo hapo bila ukurasa kufunguliwa upya: foleni ilijipanga yenyewe, ujumbe wa madaktari uliibuka kwenye kona na kupotea. Wenzake walifurahi. Kompyuta yake ikawa kama imepigwa ganzi. Akipita kwenye vitufe, ilisema "kitufe, kitufe, kitufe," bila kusema cha nini. Foleni ikibadilika, kimya. Alilalamika weee, akaambiwa atazoea.

Asubuhi moja aliingia seremala aliyekuwa amevunjika bega. Bi Mkunjuzi alisikiliza maelezo yake, akamshika mkono, akaanza kuuinua taratibu. Yule bwana alipiga ukelele uliosikika hadi mapokezi. Picha mpya ya eksirei ilikuwa imeonyesha kwamba mfupa umeachana tena, na daktari alikuwa ametuma onyo muda huohuo.

"Lakini onyo si lilitokea pale juu, dada?" muuguzi alishangaa. "Jekundu kabisa!"

"Rangi nyekundu inasikikaje?"

Mkuu wa idara ndiye aliyekuja na jibu: kuanzia siku ile, karani angekaa chumbani kumsomea skrini. Yaani wagonjwa wavue nguo na kueleza siri zao mbele ya karani, na yeye, mtaalamu, ageuzwe mtu wa kushikwa mkono! Alitoka ofisini kwa mkuu akiubamiza mlango.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba aliyeongoza kazi ya kuutengeneza mfumo ule ni mdogo wake, wa tumbo moja, waliyeishi naye nyumba moja. Jioni alimkuta sebuleni.

"Umenimaliza, mdogo wangu."

"Dada, sehemu hiyo tulipanga kuiongeza baadaye. Watumiaji kama wewe ni wachache."

"Kama mimi? Mimi niliyekufunga kamba za viatu? Umekua ukiisikia kompyuta yangu ikibwabwaja humu ndani kila siku ya Mungu, halafu ukanisahau! Hiyo baadaye yenu imemtonesha mtu bega."

Akaweka kompyuta yake mezani, akafunika skrini kwa taulo. "Haya. Nitafutie onyo la seremala."

Mdogo wake alibonyeza. Kitufe. Kitufe. Akarudi nyuma, akapotea, jasho likamtoka.

"Sijui hata niko wapi," alisema.

"Basi hapo ndipo kazini kwangu."

Kesho yake mdogo wake alikwenda kubishana na wenzake kazini hadi wakakubali. Kila kitufe kikapewa jina. Foleni ikibadilika, kompyuta ikatamka. Onyo likasomwa mara tu linapotokea, na likabaki hadi mtu athibitishe kwamba amelipata. Hawakumaliza hata wiki. Badala ya kumtuliza, jambo hilo lilimwongezea Bi Mkunjuzi hasira: kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo?

Karani aliondolewa. Kwenye kikao, mkuu wa idara alimsifu Bi Mkunjuzi kwa uvumilivu wake.

"Sikuvumilia," alimkatiza. "Nililalamika, mkatia pamba masikioni. Aliyevumilia ni yule seremala, na hakuna aliyemwomba radhi."

Mkuu alikohoa, akahamia ajenda nyingine.

Bi Mkunjuzi akaenda mwenyewe wodini alikolazwa seremala. Alimweleza kila kitu, bila kumficha kwamba aliyetengeneza mfumo ni ndugu yake, akamwomba radhi. Seremala akauliza mazoezi yataanza lini, na kama atakuwa yeye tena.

"Ukikubali," alisema.

"Nakubali. Lakini hao wakubwa zako, waambie nawasubiri."