Dereva wa Kupima Taa

Lopeyok aliendesha lori la kubeba mbuzi kutoka Merti hadi Isiolo kwa miaka mingi, hadi siku lilipopinduka kwenye mchanga wa mto mkavu na kumvunja mguu. Mguu ulipona, woga ukabaki. Lori lilikuwa la Abdiladif, mfanyabiashara wa Isiolo mjini, na kwa aibu ya hasara ile Lopeyok hakupita tena mbele ya duka lake. Mkewe Akidor akawa anauza chai stendi, nyumba ikaenda hivyo.

Asubuhi moja akaja Bisharo, binti wa Abdiladif, ambaye sasa ni injinia wa barabara. Alikuwa anapima jinsi magari yanavyopita kwenye taa mpya za mjini: yanasimama mara ngapi, yanangoja muda gani. Kifaa ndani ya gari kingerekodi yote. Alichokosa ni dereva wa kwenda sawa na magari mengine, asiyeyapita wala kuyachelewesha.

Lopeyok akamwambia kwamba mikono humtetemeka akigusa usukani tu.

"Tutaenda polepole, Baba Natabo," Bisharo akasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

Safari ya kwanza shati lililowa jasho. Karibu kila taa iliwasimamisha, na kwenye kila taa Lopeyok alipata nafasi ya kuvuta pumzi. Bisharo hakumharakisha. Walirudia njia ile ile, siku za soko na siku za kawaida, na bila Lopeyok kujua mikono yake ikatulia.

Vipimo vilionyesha kuwa taa hazielewani: hii ikifungua, inayofuata inafunga. Bisharo na wenzake wakazipanga upya, kisha wakapima tena. Siku hiyo gari lilipita taa baada ya taa bila kusimama, na Lopeyok akajikuta anacheka.

"Nani alikupa jina langu?" akauliza walipofika mwisho.

"Ni baba. Alisema tangu uache hajapata dereva wa kumfanya alale usingizi."

Lopeyok akaomba wapitie dukani. Abdiladif alikuwa mlangoni. Lopeyok akamsalimia kwa salaam aleikum, akaanza kueleza habari ya lori, lakini mzee akamshika mkono.

"Wewe ulirudi hai," akasema. "Mimi nilishukuru hapo."

Akaagiza chai. Lopeyok akainywa polepole hadi ikaisha. Jioni alimsimulia Akidor yote, akarudia maneno ya mzee mara mbili.